Kigezo Kisichoeleweka Hakimlindi Mtu

Mwaka jana niliombwa kuwa mkalimani katika mkutano wa wananchi, kwenye kijiji kimoja pembezoni mwa mji wa Bukavu. Mradi uliojadiliwa ulikuwa wa kujenga kituo cha kuchambua taka za mjini na kuzigeuza zile zinazooza kuwa mbolea. Wageni walieleza kwamba fedha zingetoka kwa mkopeshaji wa nje, na kwamba mkopeshaji huyo hatoi hata dola moja kabla vigezo vyake vya mazingira havijatimizwa. Wao walisema kwa Kifaransa, mimi nikasema kwa Kiswahili.

Mtaalamu wao alipofika kwenye sehemu ya « mesures d'atténuation », nilitafsiri bila kusita: « hatua za kupunguza ». Mama mmoja mwenye shamba la maharage jirani na eneo la mradi akainua mkono. « Mutatupunguzia nini tena, mwanangu? » Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba bei ya shamba lake itapunguzwa. Mtaalamu aliniuliza wanacheka nini, nikamjibu kwamba si kitu, kwa sababu jua lilikuwa linazama na bado kurasa zilikuwa nyingi. Mwisho wa mkutano karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Waliojua kuandika waliandika, wasiojua waliweka kidole gumba. Mama yule naye aliweka kidole chake.

Karatasi ile, naamini, imo leo ndani ya faili fulani kama ushahidi kwamba wananchi walielezwa na wakaelewa. Jina langu limo pia, kama mkalimani. Ndiyo maana naandika. Nataka kuwaambia walimu na wanafunzi wenzangu kwamba vigezo vya fedha zinazoitwa za kijani vinatuhusu sisi watu wa lugha. Vinatuhusu kuliko tunavyodhani, na tukiendelea kuviacha mikononi mwa wahandisi na wanauchumi peke yao, vitaendelea kuwalinda wenye kuvisoma na kuwaacha wenye kuishi navyo.

Tuanze na vigezo vyenyewe. Mwaka 2003 benki kadhaa kubwa za kimataifa zilikubaliana kufuata kanuni zinazoitwa Equator Principles kabla ya kufadhili miradi mikubwa. Toleo la nne la kanuni hizo lilianza kutumika mwaka 2020. IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, lina viwango 8 vya utendaji, na vile vinavyotumika leo ni vya mwaka 2012. Benki ya Dunia yenyewe ilianza mwaka 2018 kutumia mfumo mpya wenye viwango 10 vya mazingira na jamii. Nao Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 2020/852, umeorodhesha malengo 6: kupunguza mabadiliko ya tabianchi, kuyazoea, kulinda maji na bahari, kutumia vitu kwa mzunguko badala ya kuvitupa, kuzuia uchafuzi, na kulinda viumbe hai. Ili shughuli ihesabiwe kuwa ya kijani, lazima ichangie kwa dhati lengo moja au zaidi, isidhuru vibaya mengine, iheshimu haki za msingi za watu, na itimize vipimo vya kitaalamu vilivyowekwa kwa kila aina ya kazi.

Vipimo hivyo havichezi na maneno. Bwawa la umeme linakubalika likiwa linatumia maji yanayopita bila ziwa la kuchimbwa, au likizalisha zaidi ya wati 5 kwa kila mita mraba ya ziwa lake, au kama hewa chafu yake katika maisha yake yote ni chini ya gramu 100 kwa kila kilowati-saa. Kituo cha kuchambua taka kinatakiwa kugeuza angalau nusu ya uzito wa taka zisizo hatari zilizokusanywa kwa kutengwa kuwa malighafi. Kuchoma taka zilizochanganyika ili kupata umeme hakumo kabisa kwenye orodha hiyo ya mambo ya tabianchi. Lakini gesi ya ardhini na nguvu za nyuklia, kwa masharti, ziliingizwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Austria ilipinga hata ikapeleka shauri mahakamani. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba vigezo ni hesabu tupu. Watu wazima wa Ulaya, wenye mawakili na maprofesa, wamegombania maana ya neno moja, « kijani ». Kama wao wanaruhusiwa kugombania neno, kwa nini sisi tunyamaze?

Sasa tuje nyumbani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Ruzizi, unaoanzia hapa Bukavu na kushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Kilomita chache chini ya mlango huo lipo bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa karibu megawati 30. Linafuatwa na Ruzizi II, la mwaka 1989, ambalo ni mali ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. La tatu, Ruzizi III, limepangwa kuwa la megawati 206 kwa nchi hizo hizo, na wakopeshaji wakubwa wa dunia wamo ndani ya mpango huo. Ukipima kwa gramu za hewa chafu, umeme wa mto huu ni msafi.

Lakini mji wetu umejengwa juu ya vilima vikali. Kila mvua inaponyesha Kadutu na Bagira, chupa za plastiki, sashe, viatu vilivyokwisha na kila tulichokitupa kwenye mitaro huteremka hadi ziwani. Takataka za upande wa pili wa mpaka nazo huingia. Na kwa kuwa ziwa lina mlango mmoja, vyote huja kukusanyika mbele ya Ruzizi I. Ni jambo linalojulikana na ambalo limeandikwa mara nyingi: plastiki huziba mitambo, wapiga mbizi hushuka kuitoa, mashine husimama, na mitaa huingia gizani. Umeme ukikosekana tunarudi kwenye makala (namaanisha yale meusi ya jikoni, si haya unayoyasoma), na sehemu ya makala hayo hutoka kwenye miti ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Basi sashe iliyotupwa asubuhi Kadutu inaweza kumalizia safari yake kwa mti kukatwa Kahuzi.

Hapa ndipo ninapovilaumu vigezo, hata nikivikubali. Kigezo cha bwawa huuliza kama bwawa linaudhuru mto. Kigezo cha taka huuliza kama kituo cha taka kinageuza kiasi cha kutosha. Ni mara chache kigezo kuuliza kama mji unalidhuru bwawa, na nani atalipa ili mtaro ulioko katikati usafishwe. Ni kweli kwamba tathmini za mazingira hutakiwa kuangalia athari za jumla. Lakini fedha zenyewe huja kwa mifuko iliyotengana: huu wa nishati, ule wa usafi wa mji, kila mmoja na ofisi yake, ripoti yake na viashiria vyake. Maoni yangu ni haya: mkopo wowote wa bwawa kwenye Ruzizi ungepaswa kubeba ndani yake fungu la kudumu la kukusanya taka za vilima vinavyomwaga maji kwenye mto huo. Fungu hilo lisionekane kama sadaka kwa maskini wa mji. Ni sehemu ya gharama za kutunza mitambo.

Na kazi hiyo ina watu tayari. Katika mitaa yetu vipo vikundi vya vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kuchukua takataka kwa malipo ya mwezi. Wapo akina mama wanaookota chupa na kuziuza. Wanafanya kile kile ambacho kanuni ya Ulaya inakiita ukusanyaji wa taka zilizotengwa tangu zinakotoka. Lakini hawaonekani. Kwa ufadhili wa mradi, Equator Principles huanza kuhusika pale gharama zinapofikia dola milioni 10. Chini ya hapo benki hailazimishwi na kanuni hizo. Na juu ya hapo, kikundi cha mikokoteni hakiwezi kufika. Mwenye kuomba fedha za kijani anatakiwa kuleta hesabu zilizokaguliwa, dhamana, na ripoti kwa lugha ambayo mkopeshaji anaisoma. Kijana anayejua ni mtaro upi huziba kwanza mvua ikianza hana maneno ya kuliandika jambo hilo ili lionekane kama « kiashiria ». Ujuzi anao. Kinachokosekana ni mtu wa kuuandika, na kazi hiyo kitivo chetu kinaifundisha.

Tuyatazame basi maneno yenyewe. Neno « endelevu », tulilolichagua kwa fedha hizi, limetoka kwenye « kuendelea », na kuendelea kwetu kuna maana mbili: kuwa bila kukoma, na kupata maendeleo. Mwambie mtu wa Kadutu « fedha endelevu ». Mmoja atasikia pesa zisizokwisha, mwingine atasikia pesa za maendeleo, na wote wawili watakosa maana iliyokusudiwa, yaani pesa zinazotumika leo bila kuharibu kesho. Neno « jadidifu » ni zuri vitabuni, lakini sijamsikia mtu akilitumia sokoni. Wengine husema « nishati isiyokwisha », na hapo mtu anayekaa gizani wiki nzima ana haki ya kutushangaa. « Wadau » nao ni akina nani? Neno linatokana na dau, kile unachoweka mezani ukijua kwamba unaweza kukipoteza. Kwa maana hiyo, mdau wa kwanza wa mradi ule alikuwa mama mwenye maharage, maana yeye ndiye aliyekuwa ameweka shamba. Lakini katika ripoti nyingi wadau ni wale waliokaa kwenye viti vya mbele.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye msemo « kutoleta madhara makubwa ». Makubwa kwa jicho la nani? Kwa anayepima hekta elfu, robo ya shamba ni kitone kwenye ramani. Kwa mwenye robo hiyo, ni karo ya watoto. Sisemi kwamba kigezo hiki hakifai. Nasema kwamba kivumishi kimoja kimebeba uamuzi wote, na uamuzi huo hufanywa katika lugha ambayo anayeathirika haiongei.

Wapo watakaosema kwamba naomba fadhila. La. Kiwango cha 10 cha Benki ya Dunia, kinachohusu kutoa habari na kusikiliza watu, kinataka habari za mradi zitolewe kwa lugha za mahali husika na kwa namna ambayo watu wanaweza kuifikia. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba kuwa lugha za taifa. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Tunayo pia amri ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Amri si sheria kwa maana ya kifungu cha 142, lakini roho ya jambo ni ile ile. Mimi, mwanafunzi wa lugha, sijawahi kushika nakala ya Kiswahili ya amri hiyo, na sashe bado zinauzwa mbele ya lango tunaloingilia darasani. Unawezaje kumtaka mama wa sokoni aheshimu katazo ambalo hakuna aliyemsomea?

Nimeyazungumza haya na wenzangu na nimepata pingamizi nne nzito. Naona haki kuzijibu.

Ya kwanza inasema kwamba Kiswahili chenyewe si lugha ya wote. Vijijini watu wanaongea Mashi au Kihavu, na Kiswahili cha vitabu kinawapita pia. Ni kweli, na nakubali. Kiswahili kiwe daraja la maandishi, kisha maelezo ya mdomo yatolewe kwa lugha ya kijiji. Lakini daraja likikosekana, hata huyo wa Mashi hana pa kukanyaga.

Ya pili inasema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Kifaransa nacho hakikuzaliwa na istilahi hizi. Wakati fedha za kijani zinaanza kuzungumzwa, benki za Ulaya zilikaa na kutafuta maneno, na bado zinayatafuta. Istilahi huzaliwa pale watu wanapolazimika kuelewana juu ya jambo lenye uzito. Sisi tuna jambo lenye uzito. Tunachokosa ni kulazimika.

Ya tatu nilipewa na mwalimu ninayemheshimu sana, kwa maneno machache: lugha haijengi bwawa. Sawa, Mwalimu. Lakini lugha isiyoeleweka inaweza kulisimamisha. Mgogoro wa shamba moja lililochukuliwa kwa maneno mawili yasiyofafanuliwa unaweza kula miezi mingi kuliko kutafsiri kurasa mbili.

Ya nne ndiyo inayopendwa na wanafunzi: vigezo hivi ni nira ya matajiri, waliochafua dunia kwanza na sasa wanatupimia gramu. Kuna ukweli ndani yake. Lakini tukivitupa vigezo, nani atabaki na nini? Mkopeshaji atabaki na pesa zake, mjenzi na mashine zake, na mama yule atabaki mikono mitupu. Vigezo ndiyo karatasi pekee ambayo mkopeshaji mwenyewe ametia saini na ambayo anaweza kubanwa nayo. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi tangu mwaka 1993, ambalo hupokea malalamiko ya watu walioathiriwa na miradi yake, na malalamiko hayo yanaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Mwaka 2005 mashirika ya wenyeji wa asili wa misitu yetu ya Kongo yalilalamika mbele ya jopo hilo kuhusu mageuzi ya misitu, na mwaka 2007 ripoti ikatoka ikionyesha kwamba Benki haikuwa imefuata baadhi ya taratibu zake yenyewe. Basi mlango upo. Mtu wa Bukavu anaweza kuubisha kwa Kiswahili. Lakini ili alalamike kwamba kigezo kimevunjwa, lazima kwanza ajue kigezo kilisema nini.

Napendekeza mambo matatu, yote madogo kiasi cha kuanza bila kusubiri mfadhili.

Mosi, kitivo chetu kiandae faharasa fupi ya Kiswahili ya maneno hamsini yanayorudi katika miradi ya nishati na taka: fidia, tathmini, athari, dhamana, hatari inayobaki, kupunguza madhara. Kila neno lipewe mfano wa maisha ya hapa. Na lisiingie kabla ya kujaribiwa: tukalisome sokoni Kadutu na kwenye gati za ziwani, tuwaulize watu wamesikia nini. Hiyo ni kazi nzuri ya kumaliza masomo, na ingekuwa na wasomaji wengi kuliko tasnifu zinazolala kabatini.

Pili, tukiitwa kuwa wakalimani, na tunaitwa, tuwe na masharti yetu. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili uwafikie wananchi wiki moja kabla ya mkutano, ubandikwe kwa mkuu wa avenu na kanisani. Karatasi ya mahudhurio iandikwe wazi kwamba kuhudhuria si kukubali. Na mkalimani awe na haki ya kusimamisha mkutano pale ambapo watu wamecheka na yeye ndiye anayejua sababu.

Tatu, sisi wenyewe tusichukue nafasi ya wenye jambo. Tukiandika ombi la kikundi cha vijana wa takataka, jina la mbele liwe lao. Kazi yetu ni kalamu.

Najua kuna watakaoona kwamba haya ni madogo mbele ya mji ambao vita vimeupitia mara nyingi, mbele ya mishahara isiyofika na barabara zilizobebwa na mvua. Lakini sashe ni ndogo pia, na imezima mitambo.

Mama yule sijamuona tena. Sijui kama shamba lake lilipimwa, wala kama alilipwa. Ninachokijua ni jibu ambalo ningempa siku ile, lenye neno moja zaidi ya nililolisema: hatua za kupunguza madhara, mama, si za kupunguza haki yako. Ilikuwa sekunde tatu tu. Nikiitwa tena, sitafungua mdomo kabla sijamgeukia mtaalamu na kumuuliza kwa Kifaransa kile ambacho mama aliuliza kwa Kiswahili: kupunguza nini?